Kiti cha Mkwe

Biharamulo mjini
3 Juni 2024

Mpwa wangu Teddy,

Marahaba. Najua barua yako itaanza na shikamoo, basi nimeitikia mapema kabisa.

Nimefika salama. Shingo ilikuwa imekakamaa kiasi kwamba kumtazama konda ilibidi nigeuke mwili mzima, na abiria wakadhani naringa.

Nakuandikia kama ulivyoamuru: kwa kalamu, nimesimama, karatasi juu ya kabati la mafaili, ukurasa mmoja tu, na simu nimemkabidhi mke wangu Rozalia. Hapa masjala wananicheka. Anold, mlinzi wetu wa getini, ameniuliza nimeadhibiwa kwa kosa gani. Nimemjibu kwamba hii ni dawa, imeandikwa na mtaalamu wa fiziotherapia kule Ngara, na mtaalamu mwenyewe nilimbeba mgongoni pale Mugoma akiwa hajaota hata jino. Amerudi getini kwake.

Mazoezi nafanya. Kurudisha kidevu nyuma mara kumi, kubana mabega kwa nyuma mara kumi, kusimama kila baada ya nusu saa. Ganzi ya kidole gumba na cha shahada bado ipo, hasa nikichapa barua ndefu, lakini si ya kutisha. Uliniuliza mara mbili kuhusu kiti changu cha ofisini, nikakujibu ni cha kawaida. Ni cha kawaida. Tena kizuri, cha mninga. Usihangaike nacho.

Barua hii nampa wakala wa basi, utaipata kesho. Mwambie mama yako Bonifasia kwamba kaka yake hajazeeka.

Mjomba wako,
Novatus


Ngara
9 Juni 2024

Mjomba, shikamoo. (Umeshaitikia, lakini mama amenilea vizuri.)

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilisoma maneno, ya pili nilisoma mwandiko, na ndiyo sababu nataka uandike kwa mkono. Mistari ya juu herufi zako zimesimama imara. Kufika katikati ya ukurasa zinalegea, na jina la mama umelimaliza kwa kuburuza kalamu. Mkono unachoka ndani ya dakika kumi. Mtu wa miaka arobaini na tisa, Mjomba!

Nisikilize. Ugonjwa wako hauko mkononi. Uko shingoni, kwenye mshipa wa fahamu unaobanwa, na maumivu yanashuka begani mpaka vidoleni. Mazoezi yanasaidia, lakini ukinyoosha shingo dakika ishirini halafu ukakaa vibaya kwa saa nane, huko ni kuteka maji kwa tenga. Ndiyo maana nakiulizia kiti. "Kizuri" si jibu, na mninga pia si jibu. Nataka kujua haya: mgongo wako ukigusa egemeo, visigino vinagusa sakafu? Ukiweka viwiko kwenye mikono ya kiti, mabega yanatulia au yanapanda? Mwite mtu akutazame kwa ubavuni, maana mkaaji hajioni.

Na siku mkono ukianza kukosa nguvu, kitu kikakuponyoka, usiandike barua. Panda basi.

Mpwa wako,
Teddy


Biharamulo mjini
17 Juni 2024

Mpwa wangu,

Visigino vinagusa. Mabega yametulia. Mkono una nguvu tele, juzi nimepasua kuni za wiki nzima. Sioni haja ya kuja Ngara mwezi huu. Hongera kwa kazi nzuri.

Novatus


Ngara
22 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ina mwandiko mzuri sana. Herufi zote zimelala upande mmoja, mistari imenyooka, hakuna hata doa. Kasoro ni moja tu, kwamba si mwandiko wako.

Na wewe mke wa mjomba, Mama Speciosa, shikamoo. Najua ni wewe. Kadi ya harusi ya Speciosa ninayo hapa ukutani, na jina langu juu ya bahasha liliandikwa na mkono huu huu. Sikulaumu, kwa sababu mjomba akitaka jambo namjua. Ila nakuomba kitu kimoja: niandikie peke yako, uniambie ukweli. Mkono ule ukipooza, ni mimi nitakayeulizwa na mama yangu, na wewe unamjua mama yangu.

Teddy


Biharamulo mjini
28 Juni 2024

Mwanangu Teddy,

Marahaba. Umenikamata kweupe! Nimeona aibu mpaka nikacheka mwenyewe jikoni.

Ukweli ni huu. Tarehe kumi na tano asubuhi kikombe cha chai kilimponyoka kikavunjika. Siku mbili baadaye alitaka kukuandikia, kalamu ikakataa kukaa vidoleni. Akaniambia, "Andika wewe, mimi nitasema." Basi yeye akasema uongo na mimi nikauandika kwa mwandiko mzuri. Zile kuni alipasua jirani yetu Samweli.

Kuna kubwa kuliko hilo. Mkuu wake wa kazi amempa barua kwamba ikifika mwisho wa Agosti na bado hawezi kuandika wala kuchapa, jina lake litapelekwa kwenye bodi ya madaktari, astaafishwe kwa ugonjwa. Barua yenyewe ameificha ndani ya Biblia, akidhani mimi sisomi Biblia. Teddy, mume wangu ameanza kazi ile akiwa kijana. Akikaa nyumbani ataanza kunipangia sufuria, na tutagombana mpaka kufa.

Sasa kiti. Kiti kile alikitengeneza baba yangu mzazi, Mzee Pius Ndassa, fundi seremala wa kule Nyamahanga. Miaka minne iliyopita Novatus alipofanywa mkuu wa masjala, baba alijifungia karakana wiki tatu. Kiti kikaletwa juu ya Fuso, kimefungwa mablanketi, na mbuzi wawili pembeni. Kina mikono ya kuchonga na egemeo refu kama la askofu. Visigino havigusi, mwanangu. Miguu inaning'inia! Mikono ya kiti inamfikia karibu na kwapa, na akitaka kuigusa meza ni lazima ateleze mpaka ukingoni. Mwaka jana akainua meza kwa matofali ili ilingane na kiti, na hapo ndipo maumivu yalipopamba moto.

Utauliza baba alipimaje. Hakupima. Kwa wazee wetu mkwe hapimwi. Baba na Novatus wanasalimiana kwa mbali, hawagusani, hawali sahani moja, na neno la ziada baada ya salamu halijawahi kupita kati yao. Baba alimkadiria kwa macho, kanisani, akiwa kwenye koti lake kubwa la harusi. Na kila siku ya gulio akija mjini hupita pale ofisini, husimama mlangoni, humtazama mkwe wake ameketi, kisha huenda zake akiwa na furaha ya wiki nzima. Mama ndiye ananisimulia.

Sasa niambie wewe msomi, nani atamwambia?

Mama Speciosa


Ngara
2 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimeshajua yote, na ukimgombeza mke wako nitajua pia.

Kikombe kilipoanguka ulitakiwa kuwa ndani ya basi. Alhamisi hii nakusubiri saa tano, nipime nguvu ya mkono huo kwa mikono yangu, na daktari wetu akuone. Usiniletee habari za mafaili.

Leo hii hii toa matofali chini ya meza. Kiti cha mninga kitoke. Tafuta kiti chochote ambacho nyayo zako zitatua chini zote mbili, weka mto mdogo nyuma ya kiuno, na uinue kompyuta juu ya majalada mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho. Mshipa wako umebanwa, haujakatika. Nimewaona wengi wa namna yako: karani, mshonaji, hata padri mmoja aliyekuwa anaandika vitabu vya ubatizo. Wakitii wiki sita mpaka nane, mkono unarudi. Muda unao, lakini wa kuchezea huna.

Na umwambie Mzee Pius. Huyo ni fundi. Mlango usiofunga haumwudhi fundi, anaushusha akaupiga randa. Mwambie kabla hajauona ukweli mwenyewe.

Teddy


Biharamulo mjini
11 Julai 2024

Mpwa wangu,

Naandika mwenyewe, ujionee. Mwandiko mbaya ni wangu halali.

Ahsante kwa Alhamisi. Ulivyonivuta shingo nilikumbuka dhambi zangu zote za ujana, lakini usiku ule nililala kwa ubavu wa kulia, jambo ambalo sijalifanya tangu Krismasi. Matofali nimetoa. Natumia kiti cha Nice, mchapaji wetu aliye likizo ya uzazi. Nyayo ziko chini. Leo siku ya saba, ganzi ya kidole cha shahada imepungua, na safari hii sisemi uongo.

Lakini kumwambia Mzee, hapana. Wewe umesomea mishipa, mimi nimesomea wakwe. Huwezi kumwambia mzee aliyekupa binti yake kwamba zawadi yake imekulemaza. Nimepata njia bora zaidi. Kiti chake kipo koridoni, nimekifunika kanga safi ya Rozalia. Siku ya gulio Anold akimwona Mzee anaingia getini, anakohoa mara tatu. Mimi nakiingiza kiti, naketi, natoa tabasamu. Mzee anatazama, anaridhika, anaondoka. Tumeshafanya mara moja, imechukua dakika nne. Kazi safi kabisa!

Mama yako asisikie.

Novatus


Ngara
14 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka mpaka wagonjwa wakanishangaa. Halafu nimeogopa. Umeweka heshima ya mkwe wako kwenye koo la mlinzi. Mwambie Mzee, Mjomba. Nakuomba.

Teddy


Biharamulo mjini
27 Julai 2024

Mpwa wangu Teddy,

Siku ya gulio Anold alikwenda kununua chapati.

Mzee alifika saa nne. Akakikuta kiti chake koridoni. Kanga ilikuwa imeondolewa, mama mmoja aliyekuja kufuatilia jalada lake alikuwa amemlaza mtoto juu ya kiti, na mfagiaji alikuwa ametundika ndoo ya deki kwenye mkono wa kuchonga. Mimi niko ndani, mlango wazi, nimekaa kwenye kiti cha Nice, nimenyooka kama ulivyonifundisha, nachapa kwa vidole vyote kumi.

Aliitoa ndoo, akaiweka chini taratibu. Kisha akasimama akamsubiri yule mtoto aamke. Nusu saa nzima, Teddy! Mimi nimeganda pale ndani, siwezi kutoka. Mtoto alipoamka, Mzee akaita mtu wa mkokoteni, akapakia kiti chake, akaondoka nacho.

Rozalia amekwenda Nyamahanga kumwomba radhi. Amerudi na ujumbe mmoja: "Mwambieni Novatus nimeiona thamani yangu, ina ndoo juu yake." Sasa Rozalia ananipa chakula bila kuniangalia.

Nimekosea. Nasema wazi, nimekosea sana. Mkono wangu unarudi, kila siku nauona unarudi, nimeweza hata kufunga vifungo vya shati. Lakini nyumba aliyotoka mke wangu inanifungia mlango, na siwezi kwenda kujieleza kwa mtu ambaye kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kumwambia zaidi ya shikamoo. Ningeanzia wapi? Wewe una maneno. Nisaidie.

Novatus


Ngara
1 Agosti 2024

Kwa Mzee Pius Ndassa,
Nyamahanga

Babu, shikamoo.

Hunifahamu. Naitwa Teddy, binti wa dada yake mkweo Novatus, mzaliwa wa Mugoma. Kazi yangu ni kutibu viungo vya watu kwa mikono na mazoezi, bila kisu.

Kosa la kwanza ni langu. Mimi ndiye niliyemwondoa kwenye kiti chako. Kosa la pili ni lake, kwamba aliona aibu kukuambia, akaficha, na kuficha kwake kukakudhalilisha mbele ya watu. Kwa hilo hana utetezi, na mwenyewe anakiri.

Lakini nataka ujue jambo ambalo yeye hatakuambia. Kiti kile kimemzidi kimo. Kwa miaka minne miguu yake imening'inia, mabega yamepanda, shingo imepinda, mpaka mkono wa kulia ukaanza kufa. Kikombe kilimwanguka. Kalamu ilimwanguka. Ofisini wakamwandikia kwamba watamstaafisha. Mimi nikamwambia ashuke kitini, akakataa, akanidanganya, akasingizia kuni. Babu, kiti kilichotoka kwa adui yako ungekitupa siku ya pili. Yeye alikaa juu yake miaka minne akiumia, kwa sababu ni wewe uliyekitengeneza.

Sasa nakuuliza kama fundi mmoja anavyomuuliza mwenzake. Mtu akitaka kitanda, unapima. Mlango, unapima. Hata marehemu anapimwa. Mimi nawapima watu kila siku, wakwe za watu, na maaskofu pia, na hakuna aliyepungukiwa heshima. Nyuma ya barua hii nimechora vipimo vinne, bila namba: kisigino mpaka nyuma ya goti, goti mpaka nyuma ya nyonga, kiwiko mpaka mahali anapokalia, na upana wake. Sina ruhusa ya kukuambia ufanye nini navyo.

Mjukuu wako, ukinikubali,
Teddy


Nyamahanga
6 Septemba 2024

Mjukuu wangu Teddy,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa sikutaka kukujibu kwa maneno matupu. Ninayeandika ni mimi mwenyewe, kwa penseli ya karakana, kwa hiyo usihesabu makosa.

Barua yako niliisoma nikakasirika. Binti wa juzi ananifundisha mimi kupima! Nikaitupa kwenye maranda. Jioni nikaiokota nikaisoma tena. Pale uliposema miaka minne alikaa akiumia, nilivuta kigoda nikakaa. Mimi nilidhani amekidharau kiti, kumbe amekiheshimu kuliko mkono wake. Mjinga yule! Na mimi mjinga mwenzake.

Nikatuma aitwe. Alikuja Jumapili baada ya misa, yeye na Rozalia, amevaa lile koti. Alisimama mbali, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia avue koti. Hakuelewa. Nikatoa tepu mfukoni. Mke wangu alipoiona akakimbilia jikoni, hakutaka kushuhudia.

Teddy, nilipiga goti mbele ya mkwe wangu. Baba yangu hakufanya hivyo, na baba yake hakufanya. Nikamshika kisigino. Kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, inchi kumi na sita. Mimi nilikuwa nimemkatia ishirini na moja! Nikapima mara ya pili, nikidhani tepu imekosea. Tepu haikukosea. Nikamwambia, "Wewe mtu, kumbe ni mfupi!" Akaniambia, "Ndiyo, Baba, tangu zamani." Basi nikacheka mpaka nikakaa chini pale pale, naye akakaa chini kando yangu, na Rozalia mlangoni analia. Siku hiyo tulikula sahani moja.

Nimemtengenezea kiti kingine. Hakina nakshi yoyote. Nyayo zinatua, mikono ya kiti nimeishusha kwa mchoro wako, egemeo linamshika kiunoni. Alikaa nacho wiki mbili na nusu. Tarehe thelathini Agosti mkuu wake alimwita, akampa jalada anakili kwa mkono mbele yake, kurasa nane. Alinakili zote nane. Mkuu akamwambia arudi masjala, akaendelee na kazi, na ile barua ya bodi akaichana. Rozalia alinipigia simu nikiwa karakana, nikasimamisha msumeno, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kile kiti cha kwanza nimekirudisha nyumbani kwangu. Juzi nilikikalia kwa mara ya kwanza. Miguu inafika chini sawasawa, mikono inakaa sawasawa, mgongo umetulia. Kumbe wiki zote tatu zile nilikuwa najipima mimi. Nilitaka kumpa mkwe wangu ukubwa, na ukubwa niliokuwa naujua ni wangu tu.

Kesho Novatus anakuja tena. Kiti kimekwisha, kipimo kimekwisha, hana anachodai wala ninachomdai. Nilimuuliza Rozalia anafuata nini, akanijibu kwamba anakuja tu kuzungumza na mimi. Sijui mtu huzungumza nini na mkwe wake. Nimemwambia mke wangu apike mapema.

Babu yako,
Pius Ndassa